Kuuza picha tayari au kumfremia mwanaume vitu vyake: uanze na ipi?

Kama una kibanda cha fremu, au unachora na unatafuta sehemu ya kuuzia, na wanaoingia kwako wengi ni wanaume, jua mapema kwamba hapo kuna biashara mbili hata kama zote zinakaa chini ya bati moja. Ya kwanza ni picha tayari: michoro ya Tingatinga, kanvasi za kuprinti, aya za Kurani, mandhari ya Kilimanjaro, umeshazitundika, mteja anachagua, analipa, anabeba. Ya pili ni kufremu: mtu anakuja na jezi yake, cheti chake, leseni ya biashara, picha ya marehemu baba yake, wewe unampa fremu na kioo. Wengi wanaanza na ya kwanza kwa sababu duka linapendeza na Instagram inapata cha kuposti, alafu baada ya miezi kadhaa wanaanza kulalamika kwamba wanaume wanaingia, wanaangalia, wanasema "kazi kali sana mkuu", wanatoka.

Mi naandika kwa kuangalia Dar maana ndo naijua, ila nadhani mtu wa Arusha au Mombasa atajiona humu.

Kwanza, ukuta wa nani?

Watu wanasema wanaume hawapendi sanaa. Sio kweli, wanapenda sana tu, kaa pale Oysterbay karibu na Morogoro Stores kwa wachoraji wa Tingatinga uone wanavyosimama. Shida ni ukuta. Mwanaume mwenye mke akiona mchoro wa sebuleni, hata kama kaupenda na hela ipo mfukoni, atatoa simu aupige picha, na hiyo picha inaenda kwa mama watoto, jibu likirudi "hauendani na makochi" imeisha hiyo, na wewe hujafanya kosa lolote, ulikuwa unamuuzia mtu ambaye sebule siyo yake kuipanga.

Lakini kuna kuta ambazo hamuulizi mtu. Ofisini kwake. Geto, kama bado hajaoa. Saluni yake ya kiume, baa yake, gym yake, apatimenti anayopangisha wageni. Na kile kikona cha nyumba anapoangalilia mpira. Kwa hizo kuta mwanaume anaamua palepale, tena haraka kuliko unavyodhani, na hata kujadiliana bei anajadiliana mara moja tu.

Kwa hiyo mteja akiingia usimuulize "unapenda ya aina gani?", hapo utapata jibu la "naangalia tu". Muulize "unaenda kuiweka wapi bosi?" Akisema ofisini, mpe kiti akae. Akisema sebuleni, mpe picha nzuri za simu, zenye vipimo na bei, apeleke nyumbani, na usimsukume.

Hili ndo linaloamua hizi biashara mbili zinavyotofautiana kwa wanaume. Picha tayari inahitaji mteja awe na ukuta wake. Kufremu hakuhitaji, maana kitu chenyewe tayari ni cha kwake, cheti kina jina lake, jezi ni ya timu yake, hakuna wa kumwambia hakiendani na makochi (wapo watakaosema, ila jezi itatundikwa tu, hata kama ni koridoni).

Picha tayari: inashinda wapi

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kazi imeshaisha kabla mteja hajafika. Mwanaume mwenye haraka, hasa yule wa zawadi, ndo mteja wake. Tarehe 13 Februari jioni, Jumamosi ya harusi saa 8 mchana, boss wao anaagwa kazini leo saa 10 na hela ya mchango imekusanywa jana: huyu hasubiri fremu ikauke gundi. Anataka kitu kikubwa kimefungwa vizuri, na ukimwekea na kikadi cha kuandika jina umemaliza. Zawadi ni sehemu pekee ambapo mwanaume ananunua picha ya ukuta usio wake bila kusita.

Pili ni wale wanaonunua nyingi kwa mpigo. Mwenye apatimenti za wageni au lodge anataka picha 8 zinazofanana rangi, hana muda wa kupenda moja moja, anataka bei ya jumla na fundi wa kutundika. Mteja mmoja wa hivi anaweza kukubebea mwezi.

Tatu ni mtalii au mtu anayesafiri, na huyu fremu hataki kabisa, anataka mchoro wa kitambaa uvuliwe kwenye mbao zake uzungushwe kwenye bomba la karatasi ngumu aweke kwenye begi. Ukimlazimishia fremu umempoteza. Weka mabomba ya kutosha dukani, hayana gharama ya maana.

Sasa jinsi ya kuiuza. Ukimwambia mwanaume "hii picha nzuri, angalia rangi", anaangalia simu yake. Mpe habari ya kwenda kuwahadithia wenzake. Mfano Tingatinga: Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha, akaanza kuchora 1968 kwenye vipande vya mbao za kuezekea dari kwa rangi ya mafuta, ileile ya kupakia baiskeli, na 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine. Yani kazi yote iliyobeba jina lake ni ya miaka kama minne, na wanafunzi wake ndo wakaendeleza mpaka wakasajili ushirika wao 1990. Mwanaume akisikia hivyo anageuka kuangalia tena ule mchoro wa chui aliokuwa ameupita, na mgeni akija ofisini kwake atamsimulia. Ila simulia iliyo ya kweli, na kama mchoro kachora kijana wa jirani sema kachora kijana wa jirani, taja jina lake, mwombe na picha yake ya simu ukaionyeshe. Siku mteja akigundua ulimdanganya kwamba ni wa msanii mkubwa harudi, na atawaambia na wenzake wa kijiweni.

Upande wa mtaji ndo kichwa kinauma. Fanya hesabu ya mfano tu: michoro 20 ukiinunua kwa wasanii 40,000 kila mmoja, hiyo ni 800,000 imekaa ukutani inakuangalia, na kodi ya fremu ya duka inasoma. Ndo maana wengi wanachukua kwa mali kauli, msanii anaacha kazi, ikiuzwa mnagawana. Ni sawa, ila andikianeni: kazi gani, bei ya chini ni ngapi, ikichanika nani analipa, inakaa muda gani. Bila karatasi mtagombana, na msanii akigombana na wewe habari inafika kwa wenzie wote wa Mwenge mpaka Nafasi Art Space kule Mikocheni.

Na jambo la haki. Kuprinti picha uliyoitoa mtandaoni, au kuprinti mchoro wa mtu bila ruhusa yake, ni kuvunja sheria ya hakimiliki ya 1999 inayosimamiwa na COSOTA. Najua mtaani inafanyika kila siku. Lakini biashara ya kufremu haikuingizi huko kabisa, jezi ya mtu ni ya mtu, wewe unaifunga tu.

Kufremu: inashinda wapi

Hapa nitakaa zaidi maana ndo penye hela ya wanaume.

Mtaji unakuwa mdogo na hauozi. Unanunua miti ya fremu aina chache, vioo, hadibodi ya nyuma, maunti (ile kadi inayoacha nafasi kati ya picha na fremu), gundi, pini za kona, na kifaa cha kukatia nyuzi 45. Mteja anatoa advansi, unanunua kilichopungua, unamaliza kazi. Hakuna chui wa 40,000 anayekungoja ukutani.

Jezi ndo mfalme. Simba na Yanga kila msimu wanatoa jezi mpya, na kuanzia zile siku za Wiki ya Mwananchi na Simba Day, mara nyingi mwezi wa Agosti, watu wana mzuka, kuna waliopata jezi zenye saini za wachezaji, kuna wanaotaka kuweka ya msimu wa ubingwa. Mwanaume ambaye hajawahi kununua picha ya ukutani maisha yake yote atalipia fremu ya jezi bila kupepesa macho. Wapo na wa Arsenal, hao wana uvumilivu kuliko wote.

Lakini jezi ina ufundi, na hapo ndo bei yako inapojitetea. Usiibandike kwa gundi, gundi inatoa madoa kwenye kitambaa na siku akitaka kuitoa imeharibika, ishonee kwa uzi wa rangi yake kwenye kadi ngumu, mishono midogo mabegani na pembeni. Weka kipande cha kadi ndani kiipe umbo isinyong'onyee. Fremu iwe ya kina, sentimita 3 au 4, kitambaa kisiguse kioo, maana kwa joto na unyevu wa pwani kikigusa kinatoa jasho ndani na baada ya muda unaona madoa ya fangasi. Saini za kalamu zinafifia kwa jua, mwambie asiitundike inapopigwa na jua la dirishani. Haya yote mwambie wakati unampa bei, mwanaume anapenda kusikia kwa nini, akielewa kazi iliyomo haoni aibu kulipa.

Sasa hesabu ya mti, maana wengi wanapigwa hapa. Urefu wa mti unaokula ni mzunguko wa picha jumlisha upana wa mti mara 8, kwa sababu kila kona unakata mshazari mara mbili na zile pembe zinaliwa. A3 ni sentimita 29.7 kwa 42, mzunguko 143.4, na mti wa upana wa sentimita 2 unaongeza 16, jumla kama 160. A4 kwa mti huohuo inakula kama 118. Mti mmoja wenye urefu wa mita 2.9 unakutolea A3 moja na A4 moja, kipande kinachobaki kidogo sana. Ila A3 mbili hazitoki, zinataka karibu sentimita 320. Jezi ukiifanya 60 kwa 80 na mti wa upana wa 3, unahitaji 304, mti mmoja haukutoshi, unafungua wa pili kwa sababu ya sentimita 14! Ukiikunja vizuri ukaifanya 55 kwa 75 unakula 284 na mti mmoja unatosha. Kwa hiyo mteja akikomaa na 60 kwa 80 mpe, lakini bei iwe ya miti miwili, sio ya mmoja na huruma.

Kioo au akriliki (ile plastiki ngumu inayoonekana kama kioo)? Kwa jezi tena ya 60 kwa 80, kioo cha milimita 2 kinafika kama kilo 2.4, cha milimita 3 kama kilo 3.6, akriliki ya milimita 2 ni kilo moja na kidogo. Kama anaishi nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki kutoboa kwa drili, au anaisafirisha kwa basi kwenda Mbeya, akriliki. Ila inakwaruzika kirahisi, inavuta vumbi, na ukiifuta kwa kitambaa kikavu unaiongezea mikwaruzo, mpe maelekezo ya kitambaa laini chenye maji. Kama inakaa ofisini haihami, kioo, kinaonekana cha heshima na ni cha bei nafuu. Michoro ya rangi ya mafuta na kanvasi haihitaji kioo, ikifunikwa inapoteza mvuto na unyevu unakaa ndani.

Baada ya jezi zinafuata karatasi za ofisi. Leseni ya biashara inatakiwa ionekane mahali pa wazi, cheti cha TIN na chenyewe watu wanatundika, picha ya Rais ipo kila ofisi, na viongozi wakibadilika ofisi zinabadilisha. Hii kazi haina mbwembwe, fremu nyeusi au ya rangi ya mbao, A4, basi. Faida kwa moja ni ndogo lakini mwanaume aliyekuja na leseni leo ndo yule mwenye ukuta wake! Ukimrudishia leseni yake imefungwa vizuri, muonyeshe mchoro mmoja, mmoja tu, wa saizi ya ukuta wa nyuma ya meza yake. Hapa ndo picha tayari inapouzika kwa mwanaume, ikiwa imetanguliwa na fremu. Kikwazo cha ofisi ni malipo, kampuni inataka risiti ya EFD na invoisi, alafu hela inakuja ikijisikia, kwa hiyo kama mtaji mdogo usichukue oda kubwa ya ofisi bila nusu mkononi.

Vyeti vya chuo vinakuja kwa msimu, mahafali mengi ni Novemba na Desemba, jiandae na maunti. Usikate cheti hata kidogo ili kiingie kwenye fremu, na usikilamineti mtu asipokuomba, kuna sehemu wanakataa cheti kilicholaminetiwa. Kadi ya bei rahisi ikigusana na karatasi kwa miaka inaiachia rangi ya njano, kwa hiyo cheti chenyewe kinastahili kadi isiyo na asidi, na kama mteja hataki kulipia hiyo mshauri afremu kopi ya rangi, halisi akaiweke kwenye bahasha kabatini.

Picha ya marehemu mzee nayo inaletwa sana na wanaume, hasa mtoto wa kwanza wa kiume, na mara nyingi inakuja imeharibika, imekunjwa kwenye pochi, au ni ya pasipoti na anataka iwe kubwa kwa ajili ya arobaini au msiba wenyewe. Hapa acha maneno ya biashara. Pole kwanza. Usiguse ile ya asili zaidi ya kuiskani, fanya kazi kwenye kopi, mrudishie ya kwake palepale. Na bei ya msiba usiipandishe, watu wanakumbuka miaka.

Bei: tarakimu moja au mchanganuo?

Kwa picha tayari, tarakimu moja, imeandikwa nyuma au kwenye kikaratasi pembeni. Wanaume wengi hawapendi kuuliza bei mbele ya watu, akiona hakuna bei anahisi utamsoma viatu ndo umtajie, anaondoka kimya.

Kwa kufremu ni tofauti kidogo. Mpe bei tatu na vipande vitatu vya kona mezani, usimtolee kona 60 achague, atachoka, atasema "ntarudi" na huyo harudi. Ya kawaida, ya kati, ya heshima, na kila moja useme tofauti yake kwa sentensi moja: hii plastiki ya rangi ya mbao na kioo cha 2, hii mbao yenyewe, hii mbao na maunti mbili na kioo kisichong'aa. Wengi wanachagua ya kati. Kutundika iwe ndani ya bei kama yupo karibu, au iwe bei yake pembeni iliyo wazi, maana mwanaume hapendi kukiri kwamba drili hana, na fremu nyingi zinaishia nyuma ya kochi kwa sababu hiyo tu. Ukuta wa tofali na plasta ya pwani unataka plagi na skrubu, msumari wa zege unamega plasta yote.

Na jinsi ya kumwita. Bosi, kiongozi, mkuu, kaka, hizo zinatosha kwa vijana na watu wa makamo, mzee mpe shikamoo yake na usimharakishe, akitaka kukusimulia picha ilipigwa wapi 1978 msikilize, huo ndo mnada wako. Aliyevaa kanzu anayetafuta kitu cha nyumbani, usimkimbilie na michoro ya wanyama, kuna nyumba hawatundiki picha za viumbe hasa chumba cha kuswalia, muulize kwanza, mwonyeshe na maandishi ya Ayatul Kursi, na hizo usiziegemeze chini karibu na viatu, ziwe juu. Kuelekea Ramadhani zinatoka vizuri na wanaume wanajinunulia wenyewe bila kuuliza mtu.

Dada mnaouza, mnajua wenyewe, kuna anayekuja kila siku kuulizia fremu na haileti hiyo picha. Namba ya biashara iwe ya biashara.

Wapi uwapate: dukani, kwenye simu au uwafuate?

Instagram inafaa picha tayari na inaleta wanawake zaidi, sio mbaya, wengine wanamnunulia mume. Kwa wanaume statasi ya WhatsApp inafanya kazi kuliko, hasa picha ya jezi iliyokwisha kutundikwa ukutani kwa mteja (kwa ruhusa yake) sio ikiwa mezani kwako, maana anajiona yeye. Video ya sekunde 20 unavyoshonea jezi inasambaa kwenye magrupu ya mashabiki yenyewe bila wewe kulipia.

Kuwafuata: saluni ya kiume. Mtu amekaa kwenye kiti nusu saa na zaidi hana pa kuangalia isipokuwa kioo na ukuta. Mpe kinyozi fremu moja ya jezi ya bure au kwa mkopo, bandika namba yako kwa chini herufi zinazosomeka, mpe kamisheni kwa kila anayeletwa. Hii naiamini kuliko bango la barabarani. Baa pia, ila fremu za baa zinavunjwa, weka akriliki.

Kupita ofisini na sampuli kunalipa kwa leseni na vyeti, sio kwa michoro. Ukiingia ofisi ya mtu na mchoro mkubwa kwapani wanakuona mmachinga, ukiingia na fremu mbili za A4 na futi ya kupimia wanakuona fundi.

Mzigo unaododa na mzigo usiochukuliwa

Kila biashara ina ugonjwa wake. Picha tayari inadoda: imekaa miezi sita, vumbi, rangi imepigwa na jua la mlangoni, unaishia kuiuza bei ya kununulia. Dawa yake ni kuzungusha, ipeleke kwenye saluni au mgahawa ikae huko na bei, na kama ni ya mali kauli mrudishie msanii mapema.

Kufremu kuna ugonjwa mbaya zaidi ambao watu hawausemi: wanaume hawaji kuchukua. Mtu analeta cheti, anatoa 5,000, anapotea. Simu hapokei, ukimpata yupo safari. Na ile fremu haiuziki kwa mwingine kirahisi, jezi yenye jina la mtu mgongoni utamuuzia nani? Kwa hiyo advansi isipungue nusu, na kwa jezi chukua asilimia 70, lipa namba iwe mezani asisingizie hana keshi. Kwenye risiti andika siku ya kuchukua na kwamba baada ya muda fulani kuna gharama ya kutunza. Na ukimaliza mtumie picha ya kazi WhatsApp siku hiyohiyo, hapo wengi wanakuja wenyewe mbio maana wameshaiposti kabla hata hawajaichukua.

Kwa hiyo uchague nini

Una chini ya milioni moja na upo mtaa wa makazi, Sinza, Mbagala, Tabata, popote: anza na kufremu, weka michoro mitatu minne ya mali kauli ukutani ya saizi za ofisi, acha fremu zivute watu.

Upo njia ya watalii, Oysterbay, Slipway, Mji Mkongwe: picha tayari zitangulie, kufremu iwe huduma ya wenyeji, na mabomba ya kusafirishia yasikosekane.

Upo katikati ya maofisi, Posta au Kariakoo kwenye maduka: karatasi za A4 ndo mkate wako, EFD muhimu, na mchoro mmoja mmoja kwa kila mwenye ofisi aliyekuja kuchukua leseni yake.

Wewe ni mchoraji na hutaki kabisa kushika msumeno: usifungue duka, tafuta fundi fremu mwenye wateja wa jezi mkubaliane akutundikie kazi zako, na chora kwa vipimo vinavyoingia kwenye mti mmoja. Mchoro wa sentimita 50 kwa 70 kwa mti wa upana wa 3 unakula 264, unabaki na nafasi. Ukichora 62 kwa 83 kwa sababu kanvasi ilikuwa hivyo, fundi atafungua mti wa pili na hiyo hela itatoka kwenye fungu lako.